Makofi ya Watu Mia Mbili

Coralyn Skeete aliposwa Jumapili saa nne na nusu asubuhi, mbele ya watu mia mbili, na habari hiyo yeye mwenyewe aliipata pamoja nao.

Alikuwa ameketi safu ya pili, kofia ya manjano kichwani, akitafuta ukurasa wa wimbo, aliposikia jina lake likitajwa mimbarini. Aliyelitaja ni baba yake, Mchungaji Hadley Skeete, mtu asiyependa kurudia neno. Alisema Bwana ameona vema kumpa Shemasi Winfield Gittens mke, na mke huyo ni Coralyn. Jumapili ijayo wote wawili wataitwa mbele waombewe. Kisha akamtazama binti yake juu ya miwani.

"Kama ana neno, na aseme," akasema.

Vichwa vyote vikageuka. Coralyn alifungua kinywa, lakini ulimi uligoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Alihesabu pumzi moja, mbili, tatu. Ya nne haikufika, kwa sababu makofi yalikuwa yameshalipuka, mama wazee wakilia kwa furaha, na mama yake Winfield akimkumbatia kwa nyuma mpaka kofia ikamshukia machoni.

Winfield alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomkaba roho Coralyn. Angekuwa mlevi au mkorofi, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini Winfield alikuwa na duka la samani pale Six Roads, hakuwa na makuu, na viti vya kanisa alivitengeneza bila kutaka shukrani. Hakuwahi kumtamkia Coralyn neno la mapenzi hata siku moja. Na Coralyn naye, usiku na mchana, moyo wake ulikuwa kwa mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Kervin Laronde. Alikuwa ametoka Dominica, ana miaka ishirini na minane, na kabla ya kuja Barbados kusoma sheria alikuwa ameezeka mapaa kwa miaka minne, tangu kimbunga kilipoacha kijiji chao wazi kama sahani. Viganja vyake bado vilikuwa vigumu. Siku ya kwanza ya masomo, mwezi wa Septemba, alimwazima Coralyn kalamu, na alipoipokea Coralyn alihisi ule ugumu wa vidole, akasahau alichotaka kuandika. Sasa ulikuwa mwezi wa Februari. Miezi mitano ya kuketi pamoja, kula pamoja na kutazamana pale ambapo maneno hayatoshi. Nyumbani kwa Coralyn hakuna aliyejua kama Kervin amezaliwa.

Jumatatu asubuhi alipoingia darasani, kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Kervin alikuwa ameketi safu tatu mbele, shingo imekakamaa, hageuki.

Coralyn alimtazama Tessa Alleyne, aliyesali naye kanisa moja na kusoma naye darasa moja. Tessa alijifanya anatafuta kitu mkobani. Ikawa dhahiri habari zimesafiri kwa mdomo gani.

Somo lilikuwa sheria ya mikataba, na mwalimu alikuwa Dakta Ianthe Bovell, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua nazi. Wiki mbili zilizopita alikuwa amewafundisha maana ya ofa: mtu anamwambia mwenzake jambo kwa namna ambayo mwenzake akisema ndiyo, wote wawili wamefungwa. Leo alikuwa amefika kwenye ile ndiyo yenyewe.

"Nina cherehani," alisema. "Rommel ananiandikia barua. Anasema, Dakta, ninaitaka cherehani yako, na nisipokusikia hadi Ijumaa nitahesabu ni yangu. Mimi barua nimeisoma, nimeiweka mezani, nimekwenda zangu pwani kuoga. Ijumaa imepita. Cherehani ni ya nani?"

Rommel, kijana mnene asiyejua kunyamaza, akasema ni yake, maana Dakta alikuwa na nafasi ya kukataa na hakuitumia. Darasa likacheka.

"Kaa chini kabla hujaniibia na sufuria," akasema Dakta Bovell. "Mtu hawezi kukubebesha kazi ya kukataa. Aliyetoa ofa ndiye anayesubiri jibu. Hana haki ya kukigeuza kimya chako kuwa jibu lako. Andikeni. Kimya si kukubali. Yako mazingira machache ambapo matendo ya mtu husema badala ya mdomo, tutayafikia. Lakini kimya kitupu, mtu amekaa tu, hakimfungi."

Kalamu zikakwaruza. Ndipo Kervin akainua mkono.

"Samahani, Dakta. Na kama yule mtu aliambiwa mbele ya watu? Akaambiwa, kama una neno, sema. Naye akakaa kimya. Na watu mia mbili wakapiga makofi?"

Coralyn alihisi damu ikimpanda usoni. Tessa aliinamisha kichwa. Dakta Bovell alivua miwani, akamtazama Kervin kwa muda, kisha macho yake, ambayo hayakuwa ya mjinga, yakazunguka darasa na kutua juu ya Coralyn.

"Makofi ya watu mia mbili," akasema polepole, "si sauti ya mtu mmoja. Hao wamejikubalia wenyewe." Akavaa miwani. "Na kama swali lako ni la mambo ya ndoa, Bwana Laronde, hayo usiyalete kwenye cherehani yangu. Yana sheria zake."

Kipindi kilipokwisha Coralyn alimkuta Kervin nje, kwenye ngazi. Aliketi kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Hongera," Kervin akasema.

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje? Nimeambiwa kwenye foleni ya chai. Nimeambiwa mpaka rangi ya kofia."

"Sikusema ndiyo, Kervin."

"Najua. Wala hapana hukusema."

"Humjui baba yangu."

"Simjui kwa sababu hujanipeleka." Sasa akageuka, na Coralyn aliona macho mekundu ya mtu aliyekesha. "Miezi mitano, doudou, mpenzi wangu. Nikikusindikiza, unanishusha basi vituo viwili kabla ya kwenu. Kwenye simu yako mimi naitwa Kerry-Ann, jina la msichana. Mama yako juzi kapokea simu yako, kaniambia, Kerry-Ann, sauti yako nzito, una mafua? Nikasema ndiyo, mama. Mtu mzima na ndevu zangu."

Coralyn alicheka bila kutaka. Alimweleza kwamba alitaka kusubiri mpaka mwaka wa kwanza uishe. Alimweleza atakayoyasikia kwa baba yake: kwamba ni Mkatoliki, kwamba ni fundi wa mapaa, kwamba ametoka kisiwa kidogo na atamrudisha binti yake kwenye kisiwa hicho kidogo. Alisema alikuwa akimkinga asiyasikie hayo.

"Kwetu kimbunga kilipopita," Kervin akajibu, "nilipanda mapaa ya Waadventista, ya Wapentekoste, na ya mzee mmoja asiyemwamini yeyote. Hakuna aliyeniuliza nasali wapi. Hayo ya baba yako nitayasikia na nitaishi. Kinachonishinda ni kuwa mtu ambaye hayupo."

"Kwa hiyo umechoka na mimi."

"Nimesema hivyo?"

"Umehama kiti."

Upepo ulifunua kurasa za kitabu kilichokuwa magotini mwa Kervin, naye hakukifunga. Alimtazama Coralyn usoni kama mtu anayesoma barua ya kwao, neno kwa neno, na Coralyn alihisi kila neno.

"Mimi siibi mchumba wa mtu," akasema hatimaye.

"Mimi si mchumba wa mtu."

"Hilo usiniambie mimi. Mimi nalijua. Waambie waliopiga makofi."

Akasimama, akaanza kushuka. Hasira ilimpanda Coralyn kutoka vidole vya miguu. Alikuwa amechoka siku hiyo kupangiwa la kusema na wanaume wote, waliompenda na waliomzaa.

"Kervin." Akageuka. "Nikiwaambia, si kwa ajili yako. Hata ungerudi kwenu kesho, bado ningewaambia."

Walitazamana, yeye juu na Kervin chini, wanafunzi wakipita kati yao na mikate yao mikononi. Uso wa Kervin ulilegea kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Vizuri," akasema. "Ndivyo nilivyotaka kusikia." Na akaenda zake.

Alhamisi, wakati wa chakula, Coralyn alijaribu njia ya adabu kwanza. Alimngoja baba yake amalize sala, mama yake, Eudene, amalize kupakua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hataki kuolewa na Shemasi Gittens, na kwamba yupo mtu anayempenda, na akamtaja jina na kisiwa na kanisa, yote kwa pamoja, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mchungaji hakupandisha sauti. Alikata kipande cha pai ya makaroni, akakitafuna, akakimeza.

"Niliuliza kama una neno," akasema. "Hukuwa nalo."

"Nilishtuka, baba. Kunyamaza si kukubali."

"Nani kasema?"

"Sheria imesema. Nimefundishwa Jumatatu."

"Nilikupeleka ukasome sheria uje utetee wanyonge, si uje unishitaki mezani kwangu." Akaweka uma chini. "Nimetoa neno mbele ya kusanyiko. Winfield ni kijana aliyesimama nami tangu baba yake afe. Jumapili utakuja mbele na kuombewa. Ukiniaibisha, Coralyn, meza hii usirudi kuitafuta."

Mama yake alikuwa akimimina mobi, ile juisi ya magome ya mti. Aliendelea kumimina hata glasi ilipojaa, akajikuta anafuta kitambaa cha meza. Baadaye, jikoni, Coralyn alimuuliza kama yeye anaona ni sawa. Eudene alisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

"Baba yako anakupenda," akasema.

"Sikuuliza hilo, mama."

Eudene akaanza kuisugua sufuria upya.

Jumapili ikafika. Mama Gittens alikuwa ameleta gauni jeupe lenye ushanga kifuani, limepigwa pasi, limefungwa kwenye nailoni. Coralyn alilitundika mlangoni, akalitazama kwa muda, akavaa gauni lake la buluu la kwendea chuoni. Alipoingia kanisani minong'ono ilimfuata safu kwa safu. Kofia hakuvaa.

Baada ya wimbo wa tatu baba yake aliwaita. Winfield alikuja kutoka upande wa kushoto na suti mpya, jasho likimtoka kwenye paji. Coralyn alikuja kutoka kulia. Walisimama bega kwa bega kama watu wanaongoja kupigwa picha ya kitambulisho. Mchungaji akainua mikono awawekee vichwani.

"Baba," Coralyn akasema, "kabla hujaomba, nina neno."

Mikono ilibaki hewani. Kipaza sauti kilikuwa kwenye nguzo yake mbele ya Mchungaji, na kilikuwa kimeyadaka maneno yote. Yalitoka kwenye spika, yakagonga ukuta wa nyuma, yakarudi. Coralyn alishtuka kuisikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo. Kisha akaona afadhali.

"Utaniambia nyumbani," baba yake akasema.

"Nimekuambia nyumbani. Jambo lilisemwa hapa, na mimi nalijibu hapa." Akawageukia watu. Aliwaona wote, mwalimu wake wa shule ya Jumapili, mwanamke aliyemsuka nywele utotoni, Tessa akiwa ameziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Sauti yake, sijui ilitoka wapi, haikutetemeka. "Wiki iliyopita mlinipigia makofi. Nawashukuru, najua mlifurahi. Lakini mimi sikukubali. Nilishtuka nikanyamaza, mkadhani nimesema ndiyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ningeulizwa, ningesema hapana. Shemasi Winfield ni mtu mwema, na hapana yangu haimpunguzii kitu. Ila mimi si neno la baba yangu. Mimi ni mtu."

Mtoto mmoja alikohoa nyuma.

"Winfield," Mchungaji akasema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza, "mwambie huyu. Hukuja kwangu ukaposa?"

Winfield alitoa leso akajipangusa. Mama yake alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kitini.

"Nilikuja kwako, Mchungaji," akasema. "Nilikuuliza wewe. Ukaniambia yamekwisha."

"Basi."

"Yeye sikumuuliza." Alimgeukia Coralyn, na kwa mara ya kwanza Coralyn alimwona mtu huyu kwa karibu, macho yake ya aibu na uchovu. "Niliogopa. Nilijua ungesema hivi. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Winfield, funga mdomo wako," akasema mama yake.

"Nimeufunga mwaka mzima, mama."

Mchungaji Skeete alishusha mikono. Katika miaka yote aliyomjua, Coralyn hakuwahi kumwona baba yake akikosa la kusema mimbarini, na kwa kitambo kidogo alimhurumia, hata akatamani kumshika mkono. Lakini baba yake alinyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Nenda," akasema.

Ile njia ya katikati aliijua tangu anajifunza kutembea. Siku hiyo ilikuwa ndefu kama barabara ya kwenda mjini. Hakukimbia, wala hakuinamisha kichwa. Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake kinanda kikianza wimbo kwa haraka, kwa noti iliyokosea.

Jua lilikuwa kali. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kituo cha basi, aliketi mwanamume mwenye shati jeupe la kwendea Misa, viganja vyake vimekumbatia magoti.

Coralyn alivuka bila kutazama gari.

"Umefuata nini huku?"

Kervin alisimama. Alisema alisali Misa ya alfajiri mjini, kisha akapanda basi, akajiambia atashuka njiani, hakushuka. "Kuingia nisingeingia. Lile lilikuwa lako. Lakini nisingeweza kukaa mbali pia."

"Umesikia?"

"Spika zenu zinafika mpaka shamba la miwa."

Coralyn alitaka kucheka, akalia. Kervin hakumkumbatia, maana madirisha yote ya kanisa yalikuwa wazi na hakutaka kumharibia heshima aliyotoka kuipigania. Alimpa leso, na vidole vyao vikakawia juu ya kitambaa kuliko ilivyohitajika.

"Nimefukuzwa," Coralyn akasema.

"Mama mwenye nyumba wangu ana chumba cha mpwa wake, kitupu. Yeye ni mkali kuliko baba yako. Kwenye ukumbi wa chumba hicho mimi mwisho wangu ni saa kumi na mbili jioni. Na Jumapili ijayo nakuja kubisha kwenu. Nitataja jina langu lote."

"Atakufungia mlango."

"Nitabisha na Jumapili inayofuata."

"Tutabisha," Coralyn akasema. "Mlango ni wa kwetu. Huendi peke yako."

Wimbo ulikuwa kwenye ubeti wa pili pale mlango wa kanisa ulipofunguka. Aliyetoka ni Eudene Skeete, mkoba mkononi. Kwa miaka thelathini na mmoja mke wa Mchungaji hakuwahi kutoka kabla ya baraka, hata siku alipobanwa na uchungu wa kumzaa Coralyn. Alivuka barabara kwa hatua fupi za viatu vya kisigino, akasimama mbele ya kibanda akihema.

"Wewe ndiye?" akamuuliza Kervin.

"Ndiye mimi, mama. Kervin Laronde."

Eudene aliitambua ile sauti nzito. Macho yake yalipanuka, midomo ikachezacheza. "Mafua yamepona?"

"Yamepona, mama. Nisamehe."

"Mkatoliki."

"Ndiyo, mama."

Eudene alishusha pumzi ndefu. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kola, akamtazama bintiye, gauni lake la buluu na kichwa chake kisicho na kofia. Akamtengenezea unywele mmoja uliochomoka kwenye paji.

"Mimi pia hawakuniuliza nilipoozwa," akamwambia. "Nami nilijua wimbo gani utafuata, nikaimba."

Ndipo wote watatu waliposikia mlango tena. Mchungaji Skeete alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, koti lake jeusi likipeperuka, nyuma yake nyuso zimejazana. Alimwona mkewe, akamwona binti yake, akamwona mwanamume asiyemjua.

"Eudene," akaita. "Rudi ndani."

Mama yake Coralyn aligeuza kichwa, akamtazama mumewe ng'ambo ya barabara kwa upole, kama mtu anayesikia akiitwa na jirani. Kisha akakigeukia kiti cha zege cha kibandani, ambacho Kervin alikuwa amesimama mbele yake.

"Sogea kidogo, mwanangu," akamwambia Kervin. "Miguu inaniuma."

Kervin akasogea, naye Eudene akaketi.